Neno "Moot": Hoja Hai London, Hoja Mfu Washington

Wakili wa London akikuandikia kwamba hoja yako ni "moot", jiandae kubishana naye. Wa Washington akikuandikia neno hilohilo, funga faili. Wa kwanza anakwambia hoja ina pande mbili na haijapata mshindi. Wa pili anakwambia hata ukishinda hutapata kitu, maana kilichokuwa kikigombaniwa hakipo tena.

Neno lenyewe lina herufi nne, nalo hutamkwa "muut", u ikivutwa. Ukisema "myuut" umeingia kwenye neno jingine kabisa, lenye maana ya bubu, na wapo wenye Kiingereza chao wanaoteleza hapo wakaandika "mute point". Kosa lao linachekesha na mhariri hulikamata mara moja. La kwetu ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Mtafsiri anafungua kamusi, anakuta maana ya "-a kujadiliwa" au "-siokatiwa shauri", anaibandika, na sentensi ya Kiswahili inatoka safi bila doa huku ikisema kinyume cha alichosema mwandishi.

Chanzo cha mkanganyiko ni safari ndefu ya neno lenyewe. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, "gemot" ilikuwa mkutano, na ni ndugu wa kitenzi "meet" tunachokijua wote. Wakuu waliokaa na mfalme waliitwa "witenagemot", yaani mkutano wa wenye hekima. Chini yao kulikuwa na mikutano ya wenyeji ya kukata mashauri, na katika karne ya 10, zama za mfalme Edgar, ratiba yake iliwekwa kisheria: wa mji mara 3 kwa mwaka, wa jimbo mara 2, na ule wa eneo dogo lililoitwa "hundred", tuseme tarafa, kila baada ya wiki 4. Majengo yanayobeba jina hilo bado yapo. Moot Hall ya Aldeburgh, Suffolk, ni ya karne ya 16 na halmashauri ya mji hukutana humo mpaka leo. Ya Keswick, kaskazini magharibi, ilijengwa mwaka 1813.

Mswahili hahitaji kuelezwa sana hapa, kwa kuwa neno "baraza" limepita njia inayofanana. Lilianza na kibaraza cha kukalia mbele ya nyumba, likawa watu waliokaa hapo, likawa mkutano wa chifu, likafika Baraza la Mawaziri na Baraza la Mitihani. Wakati huohuo, ukisema "hayo ni maneno ya barazani" unamaanisha mazungumzo yasiyomfunga mtu. Chombo kinachoamua na soga isiyoamua chochote vimetoka kwenye kibaraza kimoja. "Moot" nayo iligawanyika hivyohivyo, ila kwake bahari ya Atlantiki iliingia katikati.

Waliolivuta neno kutoka mkutanoni hadi kwenye hoja ni wanasheria. Katika vyama vya mawakili vya London, vile vinne vinavyojulikana kama Inns of Court, wanafunzi wa karne ya 15 na 16 walifundishwa kwa kubishana. Baada ya chakula, mkubwa mmoja alitunga mgogoro wa kubuni, vijana wakasimama upande huu na ule, na wazee wakakaa kama majaji. Zoezi hilo ndilo lililoitwa "moot". Swali lililofaa kuletwa hapo likaitwa swali la moot, yaani gumu kiasi cha kutosha kuwagawa wasomi. Kufikia katikati ya karne ya 16 neno lilishakuwa kivumishi. Waingereza walisimama hapo, na wengi wao wamesimama hapo mpaka sasa.

Sasa angalia mbegu iliyokuwa imejificha katika zoezi lile. Swali la moot ni gumu, lakini pia ni la kubuni. Hakuna Bwana Fulani aliyenyang'anywa shamba; hukumu ikitolewa hakuna dalali atakayekwenda kuitekeleza. Mwingereza alishika ugumu, Mmarekani akashika ubunifu. Katika karne ya 19 mahakama za Marekani zilianza kuita "moot" kesi yoyote ambayo hukumu yake isingebadili kitu.

Mfano wa mapema wenye uzito ni Mills v. Green wa mwaka 1895. Mills alikuwa mkazi wa South Carolina aliyepinga sheria za kuandikisha wapigakura zilizomzuia kuandikishwa. Alitaka kupiga kura kuwachagua wajumbe wa mkutano wa kuandika katiba ya jimbo. Uchaguzi ukafanyika Agosti 1895, rufaa ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani ikiwa imechelewa, na majaji wakasema kazi yao ni kuamua migogoro halisi kwa hukumu inayoweza kutekelezwa, na kwamba hawakuwekwa pale kutoa maoni juu ya maswali ya moot. Uchaguzi umepita, kesi imekwisha. Zingatia wasichosema: hawakusema sheria zile zilikuwa halali.

Hapo ndipo habari nyingi za Kiswahili kuhusu mahakama za Marekani zinapopotoka. Kesi ikiondolewa kwa kuwa ni "moot", tunasoma kwamba mlalamikaji "ameshindwa" au madai yake "yametupiliwa mbali kwa kukosa mashiko". Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokea. Kukosa mashiko ni uamuzi juu ya uzito wa hoja. Huku hoja haikupimwa kabisa. Tena, kesi ikifia mikononi mwa mahakama ya juu namna hii, kwa kawaida hukumu ya chini nayo hufutwa, kanuni inayohusishwa na kesi ya Munsingwear ya mwaka 1950, ili asibaki mtu amefungwa na hukumu aliyonyimwa nafasi ya kuikatia rufaa. Kwa hiyo aliyeshinda chini anaweza kutoka mikono mitupu bila yeyote kusema amekosea.

Kesi ya DeFunis v. Odegaard, ya mwaka 1974, inaonyesha jambo hili likitokea hatua kwa hatua. Marco DeFunis alikataliwa kuingia kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Washington, akadai utaratibu wa kuwapa nafasi wanafunzi wa makundi ya wachache umemwonea yeye mzungu. Mahakama ya kwanza ikaamuru aingizwe darasani wakati kesi inaendelea. Akasoma. Kesi ilipofika juu alikuwa kwenye muhula wa mwisho, na chuo kikasema kitamwacha amalize hata iweje. Majaji 5 dhidi ya 4 wakaiondoa: mwenye kiu ameshakunywa. Swali lenyewe, kama utaratibu ule ulikuwa halali, likabaki bila jibu. Ukitaka kusema kwa lugha ya London, swali lilibaki "moot" kwa sababu kesi ilikuwa "moot". Sentensi hiyo ni sahihi, na ndiyo mtihani mzuri wa kumpa mtafsiri anayeamini kamusi yake.

Kifo cha namna hii kina dawa zake, na mtu anayeandika habari za sheria anapaswa kuzijua, la sivyo atashangaa kuona kesi iliyoonekana maiti ikinyanyuka. Dawa ya kwanza ni jambo linalojirudia lakini daima hupita upesi kuliko mahakama. Ilitajwa mwaka 1911 katika kesi ya amri za muda mfupi za usafirishaji, na ikapata umaarufu mwaka 1973 katika Roe v. Wade, kesi ya haki ya kutoa mimba: mimba ya binadamu, majaji waliandika, huchukua siku 266, na rufaa haziendi kasi hiyo, basi hakuna mjamzito ambaye angewahi kusikilizwa mpaka mwisho. Uamuzi ule ulipinduliwa mwaka 2022, ila si kwa hoja hiyo.

Dawa ya pili ni fedha. Ukiwa umeomba fidia ya jambo lililokwisha kutokea, mgogoro una kitu cha kulipwa hata kama zuio limeshaondolewa. Mwaka 2021, katika Uzuegbunam v. Preczewski, mwanafunzi aliyezuiwa kuhubiri kwenye viwanja vya chuo chake huko Georgia alikuta chuo kimefuta kanuni zile na yeye ameshahitimu. Majaji 8 kati ya 9 wakasema fidia ya jina tu, hata dola 1, inatosha kuiweka kesi hai. Mwaka mmoja kabla, wamiliki wa bunduki wa New York waliopinga kanuni ya jiji kuhusu kusafirisha silaha walikuta jiji limeibadili kanuni kesi ikiwa tayari juu, na majaji wengi wakaona ombi lao la kuifuta limekuwa moot. Mlalamikiwa anayebadili kanuni dakika za mwisho ili kukimbia hukumu ni mbinu ya kale, nayo mahakama za huko huitazama kwa jicho la shaka. Haitoshi aseme ameacha. Lazima ionekane hatarudia.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yanachanganyika, kwa sababu mawakili walilelewa kwa vitabu vya Uingereza na sasa wanasoma hukumu za pande zote mbili. Jaji wa Uingereza akitaka kusema alichosema yule wa Washington, kwa kawaida hatumii "moot" bali husema suala limekuwa "academic", la kitaaluma tu. Nairobi utakutana na "academic", "moot", na ule msemo unaopendwa sana huko, kwamba shauri limepitwa na matukio, vyote vitatu ndani ya uamuzi mmoja na vyote kwa maana ya Kimarekani. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kubeba na sababu za Kimarekani. Kule kanuni hii imeegemezwa kwenye katiba inayozipa mahakama za shirikisho mamlaka juu ya migogoro tu, kiasi kwamba mwaka 1793 majaji walikataa kumpa Rais Washington ushauri aliouomba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 163(6), inairuhusu Mahakama ya Juu kutoa maoni ya ushauri kwa serikali, vyombo vya dola na kaunti juu ya mambo ya serikali za kaunti. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, nayo ina mamlaka ya kutoa ushauri. Wakili anayenakili aya za Marekani na kudai kwamba mahakama haiwezi kamwe kugusa swali lisilo na mgogoro anajenga nyumba kwenye kiwanja cha jirani.

Tanzania inayo kesi moja inayozibeba maana zote mbili mgongoni, ya Mchungaji Christopher Mtikila na mgombea binafsi. Oktoba 1994 Mahakama Kuu ilimpa ushindi. Mwisho wa mwaka huohuo Bunge likapitisha mabadiliko ya 11 ya Katiba, Sheria Na. 34 ya 1994, yaliyorudisha sharti la kudhaminiwa na chama, na serikali iliyokuwa imekata rufaa ikaiondoa rufaa yake. Hukumu ile ikabaki haina kazi, na Mmarekani angeiita moot. Lakini swali halikufa. Lilirudi mahakamani mwaka 2005, Mahakama ya Rufani ikalikabidhi kwa Bunge mwaka 2010, na Juni 2013 mahakama ya Arusha ikaamua kwamba haki zake zilikiukwa. Miaka yote hiyo lilikuwa moot la Mwingereza, linalogawa watu.

Sasa tuje kwenye maneno ya kutumia, kwani tangu Sheria Na. 1 ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama za Tanzania na mambo haya si ya darasani tena. Kwa maana ya Uingereza tunayo hazina: suala lenye utata, jambo linalobishaniwa, hoja yenye pande mbili. Kinachokaribia zaidi kwa ladha ni kile wanachosema wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mwambao, kwamba "mas'ala haya yana khitilafu", yaani maulamaa wametofautiana juu yake na kila upande una dalili zake. Inasikitisha kwamba hatuwezi kukitumia kwa kila msomaji. Andika "suala lina hitilafu" na msomaji wa bara atadhani kuna nyaya zimeungua.

Kwa maana ya Marekani kazi ni ngumu. Wengi hukimbilia "limepitwa na wakati", na mimi silipendi. Mavazi hupitwa na wakati, sheria za kikoloni zimepitwa na wakati. Hapo tunasema kitu ni cha kizamani. Kesi ya DeFunis haikuwa ya kizamani hata kidogo. "Limepitwa na matukio" ni bora, ingawa linanuka Kiingereza. Ninachopendekeza ni kusema kilichotokea: shauri halina tena cha kuamuliwa, au, ukiandikia wanasheria, nafuu zilizoombwa hazina tena kazi. Kwa kichwa cha habari, "hoja mfu" inatosha. Na kitenzi cha mwisho kiwe "limeondolewa", ukifafanua kwamba halikuamuliwa.

Kitenzi chenyewe, "to moot", ni mtego mwingine. Katika magazeti ya Uingereza, India na hata ya kwetu ya Kiingereza, serikali "iki-moot" kodi mpya imelitupa wazo mezani ili watu waliguse. Bado halijawa mpango. Ukiandika "serikali yaamua" umewapandishia wafanyabiashara presha bure; "yapendekeza" inavumilika, "yaibua wazo" ndiyo hasa. Katika hukumu ya Marekani, malipo "yaki-moot" kesi yameiua. Na wakili wa Marekani akisema "ame-moot" hoja zake mara mbili wiki hii, amezifanyia mazoezi mbele ya wenzake waliojifanya majaji. Chuo Kikuu cha Georgetown kina taasisi inayowapa mawakili mazoezi hayo kabla hawajasimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Weka sentensi mbili kwa Kiingereza: "A settlement was mooted" na "The settlement mooted the case". Katika ya kwanza suluhu imetajwa tu, pengine isifikiwe kamwe. Katika ya pili suluhu imefikiwa na imezika kesi.

Njia ya kutegua ni kutazama majirani wa neno. Likifuatwa na "whether", ni la kubishaniwa. Likitanguliwa na "as" au "rendered", au likifuatwa na "because" na tukio lililokwisha, ni mfu. Usipopata majirani hao, soma sentensi inayofuata: mwandishi akiendelea kutoa hoja, suala liko hai, akiliacha na kurukia jambo lingine, limekufa. Nchi ya mwandishi iwe ushahidi wa mwisho, usiwe wa kwanza, maana vijana wa London siku hizi wanaandika kama New York.

Kama nomino, neno halina shida kubwa. Mashindano ya "moot court" vyuoni ni mahakama ya mfano, na si mchezo wa kuigiza kama wengine wanavyoyafasiri, kwa sababu hakuna aliyeandikiwa maneno ya kusema. Katika mashindano ya Jessup, yaliyoanza mwaka 1960 kwa sheria za kimataifa, kila timu huandika majalada mawili, la mlalamikaji na la mlalamikiwa, kisha hupewa dakika 45 za kuzungumza, wazungumzaji wawili, na sehemu ya muda huo, isiyozidi dakika 10, hutengwa kwa kujibu. Hapo ndipo timu huangukia: msemaji wa kwanza ananogewa na hoja yake, majaji wanamkatiza kwa maswali, na wa pili anasimama akiwa na dakika 12 za hoja mbili nzito. Anayemjibu jaji "nitalifikia hilo baadaye" ameshapoteza alama. Ya Afrika nzima kuhusu haki za binadamu yameandaliwa na Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992. Mshindi humo ni aliyetetea vizuri zaidi, hata kama upande wake ndio wenye sheria dhaifu, jambo ambalo magazeti hulikosea kila yanapoandika kwamba timu fulani "imeshinda kesi".

Maskauti wao wamebaki na maana ya kwanza kabisa, mkutano. Moot ya dunia ni kambi ya maskauti vijana wa miaka 18 hadi 25. Ya kwanza ilikuwa Kandersteg, Uswisi, mwaka 1931, na ile ya mwaka 2010 ilifanyika Kenya, ya kwanza Afrika. Waunda merikebu wa zamani wa Uingereza walikuwa na yao: "moot" ni kipimo cha unene wa vigingi vya mti vilivyotumika badala ya misumari, na kigingi kilichochongwa mviringo sawasawa kwa kipimo hicho kilikuwa kime-"mootiwa".

Na ukimkuta kijana wa Nairobi au Dar es Salaam mtandaoni akiwasalimu "moots" zake usiku wa manane, funga kamusi zote. Ni kifupi cha "mutuals", watu wanaofuatana naye na yeye anawafuata.